Milango iliyogoma na kioo kilichoziba: uchambuzi wa kisa kimoja cha minivani

"Mjomba, gari lako lina shida ya umeme. Milango ya pembeni inagoma, AC ya nyuma imekufa, kioo cha mbele kilikuwa hakionekani karibu njia nzima, na dashibodi imejaa taa."

Hiyo ndiyo taarifa aliyoitoa kijana kwa simu usiku, baada ya kuifikisha familia salama. Mjomba wake, ambaye ndiye mwenye gari, aliniomba asubuhi tulitazame sote watatu kabla hajalipeleka kwa fundi wa umeme.

Gari ni minivani ya viti vinane. Ina milango miwili ya pembeni inayoteleza kwenye reli kwa nguvu ya mota, na kiyoyozi chake kimegawanywa sehemu tatu: dereva, abiria wa mbele, na nyuma. Kijana ana leseni ya miaka mingi na ni dereva mtulivu, ila amezoea gari dogo la milango minne ya kawaida. Alikabidhiwa ufunguo, akaonyeshwa namna ya kukunja viti, basi. Ndani walijaa: yeye kwenye usukani, mama yake mbele, watoto na vijana safu ya kati, na nyuma kabisa shangazi, mama mtu mzima mwenye magoti mabovu, pamoja na wajukuu wawili. Mvua iliwaandama safari nzima.

Nilichokikuta nakisema mapema. Katika malalamiko yote yale, usiku ule kitu chenye kasoro ya kweli kilikuwa kimoja tu, na hata hicho hakikuwa cha umeme. Kwingine kote gari lilikuwa linatii. Katika magari ya aina hii kitufe unachobonyeza ni ombi. Kabla ombi halijakubaliwa, kompyuta inauliza kwingine: gia iko wapi, kifuniko cha tanki kimefungwa, swichi kuu imewashwa, kuna kitu kimezuia njia? Mmoja wao akisema hapana, mlango haufunguki, na mara nyingi gari halikuambii aliyekataa ni nani. Linalia tu.

Twende kwa mpangilio wa matukio, maana kila tatizo lilizaa jingine.

Mlango wa kulia na taa nyekundu

La kwanza lilitokea kabla hata hawajaondoka. Kijana alibonyeza kitufe ili mlango wa kulia ujifunge. Mlango ukaja vizuri hadi karibu na mwisho, ukasita, ukalia, kisha ukarudi nyuma wenyewe. Akabonyeza tena, ikawa vilevile. Kijana mmoja wa safu ya kati akaushika, akausukuma kwa nguvu mpaka ukaonekana umefunga, na safari ikaanza.

Mlango wa mota ukikutana na kizuizi hurudi. Ukingo wake wa mbele una ukanda wa mpira wenye sensa, na kompyuta pia inapima mzigo wa mota: ikianza kukaza kabla mlango haujafika mwisho, gari linachukulia kwamba kuna mkono au mguu wa mtu. Kwa hiyo mlango unaorudi usiuone kuwa mbovu hata kidogo. Umehisi kitu, nawe ni kazi yako kukitafuta.

Asubuhi tulimulika tochi kwenye reli ya chini, ile iliyojificha kwenye kizingiti unapokanyaga kuingia. Tukakuta kifuniko cha kalamu cha plastiki kimelala pale reli inapopinda kuelekea ndani. Upande mmoja kilikuwa kimepondwa na gurudumu la mlango, na kwenye grisi kulikuwa na mchirizi wa bluu. Hiyo pembe ndiyo mahali pabaya kuliko pote kuangusha kitu, kwa sababu hapo mlango unaacha kwenda sambamba na bodi na kuanza kuingia ndani kukutana na kitasa kinachoushika, si kile unachokivuta kwa mkono. Kifuniko cha kalamu kinatosha kuukatisha safari.

Kusukuma kwa nguvu ndiko kulikoleta hatari. Kitasa hicho cha kuushika mlango hufanya kazi kwa hatua mbili. Ya kwanza inauzuia mlango usifunguke, ya pili ndiyo inaubana hasa. Mlango wa kulia ulikaa kwenye hatua ya kwanza, huku mtoto akiwa ameuegemea ubavuni. Gari lilisema: taa nyekundu yenye picha ya gari lililofunguka milango ilibaki ikiwaka, na mlio ulisikika walipoanza kutembea. Kijana akadhani ni mkanda wa abiria. Akauliza nyuma, wote wakajibu wamefunga, mlio ukakoma, na taa akaizoea.

Taa ile haikustahili kuzoewa. Alama za dashibodi kwa kiasi kikubwa zinafuata kiwango cha kimataifa, ISO 2575, ndiyo maana picha ya betri, ya mkanda au ya mlango wazi haibadiliki sana ukitoka gari la mtengenezaji mmoja kwenda la mwingine. Rangi nazo zina maana. Nyekundu inakutaka usimame mahali salama na kushughulika sasa. Njano ni jambo la kukaguliwa mapema. Kijani au bluu inakuarifu tu kwamba kitu kimewashwa, kama indiketa au taa ndefu. Dereva asipokumbuka jingine lolote kuhusu dashibodi ngeni, akumbuke hilo la nyekundu, hasa akiwa amebeba watoto kando ya mlango unaoteleza.

Kituo cha mafuta

Waliposimama kujaza mafuta, upande wa tanki haukumsumbua. Kwenye geji ya mafuta, pembeni mwa picha ya pampu, kuna mshale mdogo unaoelekeza kilipo kifuniko, na mshale ulionyesha kushoto. Kifuniko kikafunguliwa, pampu ikaingizwa. Mtoto akataka kushuka. Kijana akabonyeza kitufe cha mlango wa kushoto. Mlango ukajongea kidogo, ukasimama, ukalia.

Mlango wa kushoto ukiteleza kwenda nyuma unapita juu ya kifuniko cha tanki. Ungefunguka wote wakati pampu imo ndani, ungeligonga bomba la mafuta. Watengenezaji wakauhusisha mlango na kifuniko cha tanki: kikiwa wazi, mlango wa upande huo haufunguki, au unafunguka kidogo tu. Jambo hili halikuwasumbua sana wabunifu pale mwanzo. Minivani za kwanza za Chrysler, za modeli ya 1984, zilikuwa na mlango mmoja tu wa kuteleza, upande wa abiria. Mlango wa pili, wa upande wa dereva, ulikuja na modeli za 1996, na milango ikishakuwa pande zote mbili lazima mmoja ukutane na tanki.

Kijana hakuwa na njia ya kulijua hilo kwa kutazama tu, na simlaumu. Lililofuata ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Alianza kubonyeza. Kushoto mwa usukani, chini kidogo, kuna safu ya vitufe: mlango wa kushoto, mlango wa kulia, mlango wa nyuma, na cha nne chenye maandishi OFF. Hicho cha nne ndicho swichi kuu ya milango ya mota. Alikibonyeza pamoja na vingine, kikazama, kikabaki chini.

Pampu ilipotolewa na kifuniko kufungwa, sababu ya kwanza iliondoka. Akajaribu tena, mlango haukufunguka. Safari hii ilikuwa kwa sababu tofauti kabisa, aliyoiingiza mwenyewe dakika chache nyuma. Machoni pake ulikuwa mlango uleule wenye ugonjwa uleule, na hapo ndipo akahitimisha kwamba umeme umeharibika. Nimeona mtindo huu kwa madereva wengi na kwa vifaa vingi: kubonyeza kila kitu kunabadilisha hali ya gari, na ukishaibadilisha hujui tena unatafuta nini. Afadhali utoe mkono kwenye vitufe, usome hali ilivyo, kisha ubadilishe jambo moja na kuangalia matokeo.

Swichi kuu ikizimwa haiufungi mlango. Inamwambia tu mota asishughulike. Mlango unakuwa wa kuvutwa kwa mkono kama wa minivani za zamani, ila mzito zaidi kwa sababu unaikokota na ile mota iliyolala. Magari hayafanani katika hili: baadhi, swichi kuu ikiwa imezimwa, bado humruhusu dereva kufungua kwa kitufe chake au kwa rimoti, na maombi yanayokatazwa ni yale ya vitasa na vitufe vya nyuma peke yake. Gari hili lilizima vyote. Faida ya swichi hiyo ipo, na ni kubwa. Ukiwa na watoto wanaochezea vitasa, au unaposafisha gari na hutaki mlango ujitembeze vidole vikiwa kwenye reli, unaizima kwa makusudi.

Kuna kioja kingine kidogo pale kituoni. Baada ya kulipa, kijana alibonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki. Magari yanayowashwa kwa kitufe hutafsiri hivyo kama ombi la kuwasha umeme tu, injini ibaki imezima. Dashibodi ikawaka yote: betri, mafuta ya injini, breki, injini, airbagi. Akashtuka. Taa hizo huwaka kwa kawaida umeme unapofunguliwa, ili uone kwamba balbu zinafanya kazi, na ya betri na ya oili hubaki zikiwaka kwa sababu injini haijazunguka. Alipokanyaga breki na kuwasha vizuri, zote zikazimika isipokuwa moja: ile ya mlango. Katika "dashibodi imejaa taa" aliyoieleza kwa mjomba, taa iliyokuwa na habari ilikuwa hiyo moja, na ilizama katikati ya zile zisizo na habari.

Shangazi, safu ya tatu

Walipofika, aliegesha upande wa kulia ukiwa karibu na ukuta, akiogopa kuziba njia. Watoto walijipenyeza wakatoka kulia. Shangazi hakuweza. Kwa magoti yake alihitaji nafasi ya kugeuka na mtu wa kumshika mkono, kwa hiyo ilibidi atokee kushoto. Akasogea taratibu hadi safu ya kati, akavuta kitasa cha ndani.

"Mwanangu, huku hakufunguki."

"Vuta kwa nguvu, shangazi."

Akavuta. Kitasa kilikuja chote mkononi mwake, chepesi, bila kushika kitu.

Wepesi huo ndio dalili. Kitasa kilichokwama hukaza, ila kile kilichotenganishwa na loki ya watoto hukuachia uvute utakavyo. Loki yenyewe ni kijiti kidogo kwenye ukingo wa mlango, mahali usipopaona mlango ukiwa umefungwa. Mwenye gari ana watoto wadogo wanaokaa kushoto, akaiweka ya kushoto tu, akaisahau. Loki hiyo inazuia kitasa cha ndani peke yake, cha nje hakiguswi. Katika hali ya kawaida dereva angefungua kwa kitufe chake na hakuna ambaye angejua kwamba loki ipo. Lakini swichi kuu ilikuwa imezimwa. Njia ya ndani imezibwa na loki, njia ya dereva imezibwa na swichi, na mama mtu mzima amebaki katikati, mvua inanyesha, taa za ndani zinawaka, kila mtu anatoa ushauri.

Aliyeutoa mkwamo ni mama wa kijana, aliyezunguka nje na kuvuta kitasa cha nje kwa mikono miwili. Mlango ulifunguka, mzito, lakini bila ubishi.

Hapa nasema kwa uzito wote nilionao. Usiku ule ilikuwa usumbufu wa dakika chache, lakini ingekuwa ajali, au moshi ndani ya gari, hesabu ingekuwa nyingine. Loki ya watoto ni kifaa kizuri kwa anayehitaji kuzuiwa asifungue mlango gari likitembea. Anapopanda mtu mzima nyuma, kijiti kile kirudishwe, na kama ni lazima kibaki kwa ajili ya mtoto, basi angalau mtu mmoja mzima zaidi ya dereva ajue kwamba kitasa cha nje ndicho kitakachofanya kazi. Mlango wa mzigo wa nyuma usiutegemee: kwenye minivani nyingi ndani hauna kitasa cha kawaida, na penye njia ya dharura huwa ni kijishimo chenye kijiti nyuma ya kifuniko cha plastiki, ambacho mtu aliyepanda mara moja hawezi kukipata gizani.

Nikiwa bado kwenye milango, gia nayo ina kauli. Magari mengi hayafungui mlango wa mota mpaka gia iwe P, ya kuegesha. Mengine hukubali gari likiwa limesimama kabisa na breki imekanyagwa. Hilo halikuhusika usiku ule, ila ndilo jambo la kwanza ambalo ningeliuliza kwa simu.

Kioo

Mjomba alidhani hili lilikuwa dogo kuliko yote. Kwangu linafuata moja kwa moja baada ya lile la mlango ulioshika nusu, kwa sababu mtu asiyeona njia hana tena haja ya kujadili milango.

Mwanzoni mwa safari walipita nyuma ya lori lililotoa moshi mweusi. Kijana akabonyeza kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake, ili moshi usiingie. Alifanya sawasawa. Kitufe hicho kinafunga mlango wa hewa ya nje na kuizungusha ileile iliyomo. Baadaye shangazi akasema anahisi baridi, na kijana kwa heshima akazima AC. Shangazi alikuwa na haki ya kusikilizwa. Lakini mawili hayo kwa pamoja, hewa ya ndani inazunguka na AC imezimwa, ndiyo mapishi kamili ya ukungu.

Mtu aliyekaa kimya hutoa mvuke wa maji kwa pumzi na ngozi, kama gramu 40 hadi 50 kwa saa. Zidisha kwa watu wanane, unapata karibu theluthi moja ya lita ya maji au zaidi hewani kila saa, na bado hujahesabu nguo zilizoloa mvua. Nje, matone ya mvua yanakipoza kioo. Hewa ya ndani yenye joto na maji inagusa kioo baridi, inashindwa kuyabeba maji yake, inayaacha pale. Kijana alifuta kwa kitambaa, kikaziba tena. Akafungua dirisha, mvua ikaingia. Akaongeza joto kwa sababu alisikia kwamba joto huondoa ukungu, kikasafika kidogo kwenye matundu ya hewa na kuziba zaidi pembeni, kwani hewa ileile yenye maji ilikuwa inapashwa na kurudishwa.

AC watu huijua kwa baridi. Kazi yake ya pili ndiyo iliyohitajika hapa: inakausha. Hewa inapopita kwenye koili ya baridi, maji yake yanageuka matone kwenye koili na kutiririka nje kupitia mpira mdogo chini ya gari. Yale maji unayoyaona yakidondoka gari likiwa limeegeshwa siku ya joto ni hayo. Baada ya koili, hewa ile kavu inaweza kupitishwa kwenye hita ikapata joto. Kwa hiyo AC na joto havipingani. Unaweza kuweka nyuzi 24, AC ikiwa imewashwa, ukapata hewa ya uvuguvugu iliyo kavu, ambayo ndiyo hasa shangazi na kioo walikuwa wanaihitaji kwa pamoja.

Ndiyo maana kuna kitufe kimoja kinachofanya yote: kile chenye picha ya kioo cha mbele kilichopinda juu, na mishale mitatu ya mawimbi ikipanda. Kwenye magari mengi, ukikibonyeza, gari lenyewe linaelekeza hewa kwenye kioo, linawasha AC, linafungua hewa ya nje na kuongeza kasi ya feni. Chenye picha ya mstatili ni cha kioo cha nyuma, chenye nyaya za joto, na mara nyingi hujizima chenyewe baada ya muda. Kijana alibonyeza cha mstatili. Kioo cha nyuma kikang'aa, cha mbele kikabaki vilevile, na hilo nalo likaingia kwenye orodha ya ubovu. Nakubali kwamba picha mbili hizo, usiku, kwa jicho la mara moja, zinafanana. Ukikumbuka kwamba cha mbele kimepinda na cha nyuma kimenyooka, hutakosea.

Lipo pia la hewa yenyewe. Nje kaboni dioksidi ni kama sehemu 420 kwa kila milioni. Ndani ya gari lililojaa watu, hewa ya nje ikiwa imefungwa, kiwango hupanda mara kadhaa ya hapo katika dakika chache, na dalili zake ni uzito wa kichwa na usingizi. Nilipomuuliza kijana kama alisinzia, alisema kila mtu nyuma alilala na yeye alipiga miayo. Kitufe cha mshale unaozunguka ni cha kupitia moshi au vumbi, kisha unakiachia. Kwa baridi ya haraka mchana wa jua kali pia kinasaidia, ila watu wakiwa wengi kisikae muda mrefu.

Kuna ukungu mwingine, wa nje ya kioo, unaotokea mahali penye joto na unyevu mwingi pale AC kali inapopulizwa moja kwa moja kwenye kioo kikapoa kuliko hewa ya nje. Huo ukibonyeza kitufe cha ukungu unaweza kuuongeza. Pitisha kidole ndani ya kioo: kisipoacha mstari, ukungu uko nje, washa wipa na uelekeze hewa kwingine.

AC ya nyuma "iliyokufa"

Hili ni fupi. Juu ya safu ya kati kuna paneli ndogo ya abiria wa nyuma, yenye feni na joto. Vijana walibonyeza, hakuna kilichobadilika. Mbele, kwenye dashibodi, kitufe cha REAR, yaani nyuma, kilikuwa na taa ya loki. Mwenye gari huifunga ili watoto wasichezee. Paneli ya nyuma ilikuwa hai, ila haikuruhusiwa kusema. Baridi aliyoihisi shangazi ilitoka kwenye matundu ya darini, yaliyoelekezwa usoni kwake, kwa mpangilio alioupenda mwenye gari siku ya jua. Kijana alipozima AC yote kutoka mbele, alitatua shida ya mtu mmoja kwa kuzima kikaushio cha gari zima. Kugeuza matundu mawili ya dari kwa mkono kungetosha.

Asubuhi

Tulianza kwa kutogusa kitu. Nilimwomba kijana asome kwa sauti anachokiona: taa zipi zinawaka, kitufe kipi kimezama, gia iko wapi, kifuniko cha tanki kiko vipi. Alikiona cha OFF mwenyewe. Akakiinua, akabonyeza mlango wa kushoto, ukafunguka wote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Mjomba wake akamjibu vizuri: "Na mimi niliyekupa gari bila kukuonyesha." Hapo tukashuka kutazama kijiti cha loki kwenye ukingo wa mlango, tukakirudisha.

Kwenye AC tulifanya jaribio ambalo ningempendekezea yeyote anayepokea gari asilolijua. Gari likiwa limesimama, bonyeza kitufe cha ukungu wa mbele na utazame ni taa zipi nyingine zimewaka zenyewe. Utaona ile ya AC ikiwaka na ya mshale unaozunguka ikizimika, kama gari lako ni la aina hiyo. Kwa mara moja umejifunza vitufe vitatu vinavyozungumza, na usiku wa mvua mkono utajua pa kwenda.

Kifuniko cha kalamu kilitoka kwa koleo ndogo, reli ikafutwa grisi chafu. Lakini mlango wa kulia ulipojaribiwa ulikwenda pole mno, ukasimama katikati bila kulia. Hapo nilikumbuka taa za ndani. Mlango ukishika nusu, gari linauhesabu kuwa wazi. Walipoteremka usiku waliusukuma vilevile, na taa zikabaki zikiwaka kwa saa kadhaa. Magari mengine huzizima yenyewe baada ya muda kulinda betri, la mjomba halikufanya hivyo. Mita ilisoma volti 12.1, wakati betri iliyojaa na kutulia huwa karibu 12.6. Mota za milango ni walaji wakubwa, ndizo za kwanza kulalamika.

Tulichomoa betri ikachajiwa. Iliporudishwa, mlango wa kulia ukagoma kabisa kujifunga, na kijana akanitazama kwa wasiwasi. Betri ikikatwa, kompyuta ya mlango inaweza kupoteza kumbukumbu ya mahali mlango ulipo, nayo haithubutu kuusogeza bila kujua. Tukaufunga kwa mkono mpaka ukabana hatua zote mbili na taa nyekundu ikazimika. Kompyuta ikapata mwanzo wa kuhesabia. Kijana akavuta kitasa cha nje, mlango ukafunguka wenyewe hadi mwisho. Akakivuta tena, ukarudi na kubana.